Siku Thelathini na Nne za Shamari

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, herufi saba, limechapwa kwa wino wa kijivu chini ya picha ya karoti na nyanya, na lingeendelea kukaa pale kwa amani kama Mama Sabuni asingekuwa na tabia ya kusoma kila kitu akiwa anasukwa. Kuna wateja wanaosinzia msusi akiwashika kichwa, na kuna wanaosengenya. Mama Sabuni yeye husoma. Atasoma gazeti la mwaka juzi, atasoma maandishi ya mfuko wa nywele za bandia mpaka jina la kiwanda, na siku hiyo alipomaliza vyote hivyo, mkono wake ukatambaa hadi kwenye meza ya jikoni, ambayo ilikuwa imetolewa barazani kwa sababu jikoni kulikuwa kumepigwa deki.

Msusi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Alisuka chapuchapu, alipika chapuchapu, aliongea chapuchapu, na hata siku ya ndoa yake alitia sahihi kabla padri hajamaliza kusoma alichokuwa anakitilia sahihi. Kila baada ya mistari mitatu alikimbia jikoni kukoroga sufuria, akarudi na mikono inayonukia kitunguu. Wateja walinung'unika, lakini mistari yake ilinyooka na nywele hazikuvutika, kwa hiyo walirudi.

"Shoga," Mama Sabuni akasema, kopo la kiungo cha mchuzi mkononi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, "hii unapikia au unafulia?"

"Napikia. Ndiyo siri ya mchuzi wangu. Tulia, usinipotezee mstari."

"Humu kuna shahamu."

"Ndiyo, shamari, zile mbegu za kiungo. Nzuri kwa tumbo."

"Sikusema shamari. Nimesema shahamu."

"Si ndiyo hiyo hiyo. Hawa watu wa viwandani hata kuandika hawajui."

Mama Sabuni akajigeuza kitini, mstari ukaachika. Huyu alikuwa amechemsha sabuni za mche uani kwake kwa miaka kumi na minane, na kwa jambo hili hakuwa na mzaha. "Mimi nanunua shahamu kwa pipa," akasema. "Imeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama viganja. Inatoka machinjioni. Ni mafuta ya ng'ombe, shoga, yale magumu yanayozunguka figo, yakiyeyushwa yakachujwa. Nikiyachemsha na magadi, napata sabuni. Sasa wewe unayatia kwenye maharage?"

Mikono ya Chapuchapu ikasimama. Mama Sabuni alikuwa mteja wake wa siku nyingi, na hakuwahi kuiona ikisimama.

Ilikuwa siku ya thelathini na tano ya mfungo wa kanisa. Siku arobaini bila nyama, bila maziwa, bila mayai, bila chochote kilichowahi kuwa na miguu, mabawa au mama. Watu wengi mtaani walifunga hivi hivi, leo wamo, kesho wametoka. Lakini mkwe wa Chapuchapu hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa amefanya kazi ya umatroni wa bweni la wasichana mpaka akastaafu, na bado watu walimwita Matroni, hata padri. Mwaka huu aliweka nadhiri juu ya mfungo wake. Mwanawe, yaani mume wa Chapuchapu, fundi wa mafriji, alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa akibeba kompresa, akalala kitandani miezi mitatu hawezi hata kujigeuza. Matroni akamwambia Mungu waziwazi, dirisha likiwa wazi na majirani wakisikia, kwamba mwanawe akisimama kwa miguu yake, yeye atafunga siku arobaini safi, hakuna cha mnyama kitakachopita kinywani mwake. Mwanawe akasimama.

Basi siku ya kwanza ya mfungo Matroni alitoa amri. Hakuna pakiti wala kopo litakaloingia jikoni bila kusomewa yeye kwa sauti, maana macho yake yalikuwa na ukungu na daktari alishampangia tarehe ya kusafishwa. Chapuchapu akasoma vyote, chapuchapu. Alipofika kwenye kopo la karoti alisema, "Chumvi, wanga, sukari, shamari, kitunguu, manjano." Matroni akaitikia kwa kichwa. "Shamari ni nzuri kwa tumbo," akasema.

Na kuna jambo jingine ambalo Chapuchapu hakumwambia Mama Sabuni, kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja Matroni alikula chakula chake bila kukisifia. Hakukikashifu pia. Alikula, akanawa, akasema asante, kama mtu aliyekula hotelini. Siku ya tano ya mfungo huu alisukuma sahani mbele, akaomba aongezewe, na akasema maneno mawili: "Leo umepika." Chapuchapu aliyabeba maneno hayo mpaka chumbani, akamwamsha mumewe kumweleza. Kesho yake alikwenda kununua kopo la pili.

"Shoga," Mama Sabuni akasema taratibu, "nimalizie kichwa kwanza. Mengine utalia baadaye."

Alimalizia. Mistari ya upande wa kushoto haikunyooka hata kidogo, na kwa mara ya kwanza Mama Sabuni hakulalamika.

*

Mumewe alikuwa karakanani kwake, amelala chali nyuma ya friji ya duka la maziwa, miguu tu inaonekana. Chapuchapu akaigonga miguu ile kwa ncha ya kiatu.

"Mama amekula ng'ombe," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama yako."

"Amemla wapi?"

"Nyumbani. Mimi ndiye niliyempikia."

Kutoka nyuma ya friji kikasikika kicheko, maana Fundi alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Chapuchapu akamweleza yote, shamari na shahamu, kopo na pipa, mpaka kicheko kikakatika kidogo kidogo. Fundi akajivuta nje, akaketi sakafuni, na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kiunoni.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Zote."

"Zote zote?"

"Jumapili ya pili mchana tulikula ndizi tupu kwa sababu gesi iliisha. Ukitoa mlo huo, zote. Mbona unashika mgongo?"

"Nimeushika tu."

"Unauma?"

"Hauumi." Akautoa mkono, akautazama, akaurudisha. "Ila nauliza. Hivi nadhiri ikiharibika katikati, huwa inakuwaje? Kile ulichopewa kinachukuliwa chote mara moja, au kwa awamu?"

Chapuchapu alikuwa na hamu ya kulia, lakini alicheka, na kwa kucheka akamkasirikia zaidi. Alimwambia aache upuuzi, atoe shauri la mtu mzima. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akawaza, na shauri alilolitoa halikuwa la kipuuzi.

"Zimebaki siku sita, leo ikiwemo," akasema. "Litupe hilo kopo, funga mdomo. Mama hajui, ng'ombe hajui."

"Na Mungu?"

"Mungu anajua. Lakini Mungu hajawahi kumwambia Mama kitu moja kwa moja, hupitia kwa watu, na safari hii watu tutanyamaza." Kisha akaacha utani. "Unamjua Mama. Ukimwambia, ataanza upya kesho asubuhi, siku ya kwanza. Ana miaka sabini na moja. Amepungua mpaka pete inamvuka akinawa. Siku nyingine arobaini hawezi, na hataki kusikia kwamba hawezi. Sasa tumwache amalize na furaha yake."

Hapo ndipo Chapuchapu alipobanwa. Angekuwa anamwogopa Matroni tu, angejua la kufanya. Lakini kusema ukweli kungeweza kumwangusha bibi wa watu kitandani, na kunyamaza kulimfaa yeye mwenyewe mno. Maneno yake mawili yangebaki salama. Hakupenda namna shauri lile lilivyomkaa vizuri.

"Labda Mama Sabuni amekosea," akasema.

"Labda," Fundi akakubali, mkono ukiwa bado kiunoni.

*

Duka la kona lilikuwa na rafu nne za makopo, na mwenye duka alikuwa mtu mwenye subira, lakini subira yake ilikuwa ya wanunuzi. Chapuchapu alishusha kopo baada ya kopo, akayasoma akiwa ameyakaribisha puani, safari hii herufi kwa herufi, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Foleni ikaanza kuota nyuma yake.

"Dada, unatafuta nini hasa?" mwenye duka akauliza.

"Natafuta kisichokuwa na mnyama."

"Chukua hilo la karoti. Picha ni ya mboga."

"Hilo ndilo lenye ng'ombe."

Mwenye duka akalichukua, akaligeuza, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. Chapuchapu alikuwa ameshafika kwenye kopo la njano lenye picha ya jogoo ametanua mabawa, limeandikwa Ladha ya Kuku kwa herufi za dhahabu. Akalisoma mara mbili. Chumvi, wanga, kitunguu, manjano, rangi, harufu ya kutengenezwa. Hakukuwa na kuku, wala unyoya wa kuku.

"Kwa hiyo," mwenye duka akasema polepole, "kuku hana kuku, na karoti ina ng'ombe."

"Ndivyo ilivyo."

"Na hizi biskuti za kufungia?"

"Zina unga wa maziwa. Mstari wa tatu."

Foleni ikacheka. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, ambaye mfungo wake alikuwa ameutangaza mpaka sokoni. "Huyo mkweo na masharti yake," akasema. "Msalimie sana. Mwambie sisi wengine tunafunga kwa imani, hatufungi kwa darubini." Huku akisema, alivuta mkate akaulaza juu ya kitu kilichokuwa kikapuni mwake. Haukuwa mkate mrefu wa kutosha. Picha ya karoti ilichungulia upande mmoja, na Chapuchapu akaiona, na Mwenyekiti akaona kwamba imeonekana.

Nje ya duka Chapuchapu akapiga namba iliyoandikwa chini ya kopo. Akapokea binti mwenye sauti tamu ya kumwaga asali.

"Nataka kujua shahamu ni nini," Chapuchapu akasema.

"Ni kiungo kilichoidhinishwa, mama."

"Kinatokana na mnyama?"

"Ni kiungo cha asili, mama."

"Ng'ombe naye ni wa asili."

Ukafuata muziki. Chapuchapu alisimama juani akisikiliza kinanda, akiomba kwa moyo wake wote Mama Sabuni aonekane mwongo. Binti akarudi. "Asante kwa kusubiri, mama. Nimeulizia. Ni ya ng'ombe. Je, kuna lingine la kukusaidia?"

Kulikuwa na mengi, lakini hakuna ambalo binti yule angeliweza.

*

Mchana huo alipika bila kopo. Alipika pole pole, jambo ambalo sufuria zenyewe zilikuwa hazijalizoea. Alikaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya kahawia, akaponda nyanya kwa mkono, akatia giligilani, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Maharage yalikuwa maharage tu. Hayakuwa mabaya, ila hayakuwa na ule uzito unaoshika ulimi, na sasa alijua uzito ule ulikuwa ni nini. Akapakua, akaweka mezani, akakaa mkabala na mkwewe.

Matroni aliomba, akala vijiko vitatu, akaweka kijiko chini.

"Unaumwa?" akauliza.

"Siumwi, mama."

"Umegombana na mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Basi chakula cha leo kimenuna." Lakini aliendelea kula, na akala kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwenzake siku moja mbaya kati ya nyingi nzuri. Upole ule ulimkata Chapuchapu maini. Matroni akafuta mdomo, akasema, "Zimebaki sita. Unajua nimeamua nini? Siku ya sikukuu padri akiita watu wa kutoa shukrani, nitasimama. Nitasema habari za mgongo wa mwanangu. Halafu nitakutaja na wewe. Nitasema nilidhani nadhiri hii itanishinda, lakini mkwe wangu amenipikia siku arobaini, na hakuniangusha hata siku moja."

Chapuchapu alifungua mdomo kusema asante. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

"Nimekuangusha, mama. Nimekuangusha zote thelathini na nne."

Akaamka, akalitoa kopo nyuma ya gunia la unga alikokuwa amelificha, akaliweka mezani katikati ya sahani. Na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, akalisoma. Alilisoma kama alivyotakiwa kulisoma siku ya kwanza, neno moja moja, akipumzika kati ya maneno. "Chumvi. Wanga. Sukari. Shahamu."

Matroni akanyoosha mkono, akachukua kopo, akalifungua, akanusa. Ukungu wa macho haukuwa umefika puani.

"Shahamu," akasema. "Neno hilo sijalisikia tangu nikiwa msichana. Wewe ulisema shamari."

"Nilisoma haraka. Nilidhani wamekosea kuandika. Mama, wallahi sikujua mpaka leo asubuhi."

"Na kwa nini hukuniambia leo asubuhi?"

"Niliogopa utaanza upya. Mwanao anasema hutaweza." Kisha akaona kwamba ukishaanza kumwaga, huachi kidogo chini ya chungu. "Na niliogopa kwa ajili yangu. Miaka kumi na moja nakupikia, mama. Umenisifia mara moja. Nikajua nikisema ni unga wa kopo, hata hiyo moja utaichukua."

Chapuchapu akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika nyumba ile: mkwewe analia. Hakulia kwa kelele. Alilia akiwa ameketi wima, kama anavyofanya mambo yote. "Nimekunywa chai kavu siku thelathini na nne," akasema. "Unajua ninavyopenda maziwa. Nilikuwa napita mbele ya duka lile nageuza uso. Nikijiambia, vumilia, mzee, nyumbani kuna maharage safi." Hasira ilikuwemo ndani ya sauti ile, na uchungu ulikuwemo, na Chapuchapu hakujitetea, maana vyote viwili vilikuwa haki ya mwenyewe.

Maharage yakapoa mezani.

"Nani mwingine anajua?" Matroni akauliza hatimaye.

"Mama Sabuni. Na mwanao."

"Mwanangu alisemaje?"

"Alisema ninyamaze."

"Na mgongo wake?"

Chapuchapu akasita. "Aliushika."

Kitu kikamgusa Matroni begani, halafu tumboni, halafu kote. Alijaribu kukizuia kwa kubana midomo, kikatokea puani. Alicheka mpaka stuli ikalia chini yake, machozi ya kicheko yakipita juu ya machozi yaliyotangulia. "Mpumbavu yule," akasema. "Anadhani Mungu atakuja kumdai uti wa mgongo." Akajifuta kwa upindo wa kanga, akakohoa, akakaa sawa, na Chapuchapu akajua kwamba sasa anatazamwa na matroni wa bweni.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nia yangu ilikuwa safi, na Mungu anasoma nia, hasomi makopo. Lakini nilimwahidi siku arobaini, na siku arobaini atazipata. Sita zilizobaki ni zangu. Thelathini na nne ni zako."

"Zangu vipi, mama?"

"Utanifungia wewe. Nani aliyesoma haraka?"

"Mimi."

"Basi. Bwenini kwangu aliyemwaga ndiye aliyefuta. Zako zinaanza siku ya sikukuu, watu wote wakifungua. Na nasema kufunga, siyo ule mchezo wako. Lile yai unalokula kila asubuhi kwa muuza chai, nalo liishe."

Chapuchapu akahisi masikio yanawaka moto. Alikuwa na hakika hakuna anayejua habari za yai. "Ndiyo, mama," akasema. Matroni akavuta sahani yake iliyopoa, akala yote mpaka sahani ikabaki tupu, bila kusema chakula ni kizuri au kibaya.

*

Siku ya sikukuu uwanja wa kanisa ulijaa meza, na meza zikajaa vitu vyote ambavyo watu walikuwa wameviota kwa siku arobaini. Nyama ilichomwa tangu asubuhi. Mayai yalipangwa kwenye trei, keki ziling'aa kwa siagi, na maziwa yalikuwa kwenye ndoo. Fundi alikuwa na mapaja mawili ya kuku kwenye sahani moja, na kila alipopita karibu na mkewe alijikunja upande mwingine kwa heshima. Chapuchapu aliketi pembeni na kibakuli chake cha maharage. Aliyapika mwenyewe, na kwa siku sita zile mkono wake ulikuwa umejifunza kitu: yalikuwa na ladha. Lakini nyama choma ina njia yake ya kuja puani bila kualikwa.

Habari zilikuwa zimeshaenea, maana Mama Sabuni husukwa kimya lakini hakai kimya. Wiki ile nzima wanawake wa kanisa walikuwa wameapa kwa zamu. Mmoja yeye hutumia chumvi na limau tu. Mwingine hata jina la kiungo kile halijui. Mlinzi wa kanisa, mtu asiye na ubaya, alikuwa ameuliza kwa nini pipa la taka la jiko la kanisa limejaa makopo kumi na moja yenye karoti, mengine hayajafika nusu, na hakupata wa kumjibu.

Mwenyekiti akaja na sahani yake, akasimama mbele ya Matroni, akaongea kwa ile sauti ya kuongoza nyimbo, ili meza ya mwisho nayo isiachwe nyuma.

"Matroni, pole sana. Tumesikia yaliyokupata. Mtu kuharibiwa nadhiri na mtu wa nyumbani mwake, tena mkwe, ni mtihani. Sisi wenzako tunamshukuru Mungu, tumemaliza salama."

Chapuchapu aliinamisha kichwa juu ya kibakuli, akatamani ardhi ipasuke hapo hapo alipokuwa ameketi. Alikuwa tayari kwa siku thelathini na nne za njaa, lakini hakuwa amejiandaa kwa hili. Na hakumtazama Mwenyekiti wala wanawake. Alimtazama mkwewe, kwa sababu neno la Matroni peke yake ndilo lingeamua yeye ni nani katika nyumba ile kuanzia siku hiyo.

Matroni akaweka kikombe chake cha maziwa chini. Kilikuwa cha kwanza, na kilikuwa bado kimejaa. Akasimama, taratibu, mkono mmoja juu ya meza, akawatazama wanawake wale mmoja mmoja kama anayekagua vitanda.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nimekula shahamu siku thelathini na nne. Mkwe wangu alinipikia, mkwe wangu huyu huyu akaniambia, na leo ananifungia." Akamgeukia Mwenyekiti. "Ninyi hamkumaliza salama, mwenzangu. Ninyi hamna wa kuwaambia."

Mwenyekiti akatazama sahani yake. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Kisha mwanamke mwingine, mke wa mlinzi, akasema kwa sauti ndogo kwamba lake yeye lilikuwa kopo kubwa, lile la familia, na hapo kicheko kikalipuka meza hadi meza, mpaka Mwenyekiti mwenyewe mabega yakaanza kumtikisika na sahani ikamwagika mchuzi.

Matroni hakungoja kiishe. Aliacha maziwa yake pale pale, akabeba kiti, akakipeleka pembeni, akakiweka ubavuni mwa mkwewe. Akaketi, akachukua kijiko kutoka mkononi mwa Chapuchapu, akachota maharage.

"Siku ya kwanza," akasema akitafuna, "ndiyo ngumu kuliko zote."